Dada yako yuko Marekani, lakini usisimamishe maisha ukingoja akuite

Kila familia ina ile picha. Ilipigwa usiku pale JKIA, nje ya mlango wa wanaoondoka. Katikati amesimama msafiri na koti jipya mkononi. Kando yake wako mama, baba, shangazi watatu, mchungaji na watoto waliolazimishwa kukesha. Maneno ya mwisho hayakunaswa na kamera lakini sote tunayajua: "Msijali. Nikikaa sawa, nitawavuta mmoja mmoja."

Kama wewe ni mmoja wa waliobaki kwenye hiyo picha, leo tunaongea na wewe. Na kama wewe ndiye uliyeshika koti, usiondoke. Zamu yako inakuja.

Tumeona vijana wengi mjini wakiishi kwa hesabu ya hiyo ahadi. Mmoja anakataa kozi ya ufundi kwa sababu "mwaka ujao nitakuwa Dallas". Mwingine hataki kuanzisha biashara maana ataiacha. Kuna mpaka wanaokataa kuoa. Halafu mwaka ujao unafika, unapita, na kwenye kundi la WhatsApp la familia maneno makali yanaanza: "Huyu alishatusahau. Anakula maisha peke yake."

Ukweli ni kwamba mara nyingi hajakusahau. Amekwama kwenye sheria ambayo haijui wewe ni nani, na wewe hukuwahi kuelezwa sheria hiyo inasemaje. Basi tuielezane.

Nani anaweza kumwita nani

Mwanafunzi aliyeko Marekani kwa viza ya masomo hawezi kumdhamini mzazi wala ndugu. Aliye na viza ya kazi ya muda pia hawezi. Hata aliyeshinda bahati nasibu ya grinikadi, yule ambaye mtaa mzima ulimfanyia sherehe, hawezi kumwita mama yake kwa hiyo kadi. Grinikadi inamruhusu kuwaombea mume au mke, na watoto ambao hawajaoa wala kuolewa. Basi.

Ili amwite mzazi, lazima kwanza awe raia wa Marekani na awe ametimiza miaka 21. Masharti ni hayo hayo kwa kumwita kaka au dada. Na uraia haupatikani kwa kuomba tu: kwa kawaida ni miaka 5 ya kuishi huko ukiwa na grinikadi, au miaka 3 ikiwa umeoana na raia na mnaishi pamoja. Baadaye kuna mtihani, mahojiano na kiapo.

Kwa hivyo dada yako akikwambia "ngoja nipate makaratasi", hakupigi chenga. Pengine hajafika hata mwanzo wa foleni.

Kisha kuna suala la neno "ndugu". Kwetu ndugu ni wengi. Mtoto wa shangazi ni ndugu, mtoto wa mama mdogo ni ndugu, hata yule mliyelelewa naye kwa nyanya ni ndugu. Sheria ya Marekani haina upana huo. Ndugu ni yule ambaye angalau mzazi wenu mmoja ni yuleyule. Binamu hayumo. Mjomba hayumo. Nyanya aliyekulea tangu ukiwa na miezi mitatu, akakulipia karo kwa kuuza mboga, naye hayumo, isipokuwa awe alikuasili kisheria ukiwa mdogo. Linauma, na wengi hulijua wakiwa wamekwisha kutuma pesa kwa wakala.

Foleni ya ndugu

Mzazi wa raia hana foleni. Sheria haijaweka idadi ya wazazi wanaoweza kuingia kwa mwaka, kwa hivyo ombi likikubaliwa, kinachobaki ni kasi ya ofisi na ubalozi. Ndugu ni hadithi nyingine kabisa.

Kundi la kaka na dada wa raia limetengewa takriban viza 65,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Ndani ya idadi hiyo wamo pia waume, wake na watoto wa hao ndugu. Juu yake kuna sheria kwamba nchi moja isichukue zaidi ya asilimia 7 ya viza zote za makundi yenye kikomo. Watu wanaoomba ni wengi mno kuliko nafasi, kwa hivyo foleni imerefuka mwaka baada ya mwaka. Kwa waombaji wa nchi kama Kenya, katika miaka ya karibuni waliokuwa wakiitwa ni wale ambao maombi yao yaliwasilishwa zaidi ya miaka 15 iliyopita. Watu wa Mexico na India wanangoja zaidi yetu.

Tufanye hesabu. Tuseme dada yako aliondoka 2010 kwa grinikadi, wewe ukiwa na miaka 12. Akapata uraia 2016. Kama alikuwa mwepesi, aliwasilisha fomu I-130 kwa ajili yako mwaka huo huo, wewe ukiwa na miaka 18, ndiyo tu umemaliza kidato cha nne. Foleni ikienda kama ilivyokuwa ikienda, zamu yako itafika karibu 2033. Utakuwa na miaka 35.

Na huko kote kungoja hakukupi chochote mkononi. Ombi likikubaliwa, utapata barua, lakini hiyo barua si viza. Haikuruhusu kuishi Marekani, kufanya kazi huko, wala kwenda kuwasalimu. Kumbe inaweza hata kukutatiza: fomu ya viza ya utalii inauliza kama kuna mtu aliyewahi kukuombea uhamiaji, na ofisa wa Gigiri akiona kwamba ndiyo, ana sababu ya kushuku kuwa ukienda hutarudi. Dada yako akifariki kabla zamu yako haijafika, ombi kwa kawaida linafutika, ingawa kuna nafasi finyu ya kuomba lirudishwe kwa misingi ya utu.

Jambo jingine: zamu ikifika, unaweza kwenda na mke au mume wako na watoto walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa. Kuna sheria ya 2002 inayompunguzia mtoto umri kwa kuondoa muda ambao ombi lilikuwa likishughulikiwa ofisini, lakini haiokoi kila mtoto. Wako wazazi wanaofika mwisho wa foleni na kukuta mtoto wa kwanza amepita umri, aidha abaki Nairobi au wote wabaki.

Kitinda mimba anayesahaulika

Hapa ndipo familia nyingi huumia bila kutarajia. Raia akimwombea mama, anamwombea mama peke yake. Baba anahitaji ombi lake tofauti. Na mdogo wenu wa miaka 14 anayeishi na mama? Hawezi kupachikwa kwenye ombi la mama. Mama atapata viza, mtoto atabaki.

Kuna njia. Mama akishafika na kupata grinikadi yake, anaweza kumwombea huyo mtoto, kwa sababu mkaazi wa kudumu anaruhusiwa kuwaombea watoto wake ambao hawajaoa. Anaweza pia kumwombea mtoto aliyepita miaka 21, mradi hajaoa wala kuolewa, na foleni hiyo imekuwa fupi kuliko ile ya ndugu. Ndiyo maana wajuaji hushauri mama atangulie. Lakini fikiria gharama yake. Mama anaondoka, na mtoto wa miaka 14 anabaki na nani? Kwa miaka mingapi? Swali hilo mlijadili kabla ya kujaza fomu. Msingoje mpaka viza iwe ndani ya pasipoti.

Na wewe ambaye mama yako ana grinikadi na ameshakuombea, sikiza vizuri sana. Ukioa au kuolewa kabla mama hajawa raia, ombi lako linakufa. Hakuna msamaha. Na usidhani ni ile ndoa ya kanisani tu. Ndoa ya kimila ni ndoa halali Kenya. Mama akipata uraia kwanza, ndoa yako haiui ombi, inalihamisha tu kwenye foleni nyingine. Hatusemi uahirishe mapenzi kwa ajili ya viza. Tunasema uamuzi huo uwe wako, ukiujua. Kumwambia mchumba "ngoja kidogo" kwa miaka 8 bila kumweleza kwa nini ni kumtendea vibaya.

Anayekuvuta naye anavutwa

Wengi wetu tunaona udhamini kama saini. Kumbe ni mkataba. Anayekuita hutia sahihi fomu I-864, akiapa kuwa mapato yake yanafika angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali ya Marekani, kwa kuhesabu kila mtu wa nyumba yake pamoja na wewe unayekuja. Asipofikisha, lazima atafute mdhamini mwenza. Na jukumu hilo haliishi ukitua uwanja wa ndege. Linaendelea mpaka uwe raia, au uhesabiwe robo-mwaka 40 za kazi, yaani takriban miaka 10, au uhame moja kwa moja, au ufe.

Sasa mweke dada yako kwenye hiyo hesabu. Analipa nyumba, anakesha kwa zamu akiwahudumia wazee, analea watoto wawili, na kila mwisho wa mwezi M-Pesa ya mama inaingia. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, kulingana na Benki Kuu, na Marekani ndiyo inayoongoza. Hizo hela zina mwenyewe, na mwenyewe huchoka. Ukimpigia simu kumuuliza "mbona hutuvuti?", anza kwa kumuuliza anaendeleaje.

Na mama mwenyewe ameulizwa? Watoto hupenda kupanga safari ya mzazi kama zawadi ya kumshtukiza. Grinikadi si viza ya kutembelea. Mwenye nayo anatakiwa aishi huko. Akikaa nje zaidi ya miezi 6, ataulizwa maswali akirudi. Akizidisha mwaka bila kibali, anaweza kuipoteza. Maana yake ni kwamba yule mama mwenye chama cha Jumamosi, ng'ombe wawili na kiti chake kanisani anaombwa aviache vyote akakae ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha kwa baridi, akilea wajukuu wanaomjibu kwa Kiingereza. Kuna wazee wanaofurahia, na kuna wanaolia kimya. Matibabu nayo ni mlima. Mzee wa miaka 65 lazima awe ameishi huko miaka 5 mfululizo ndipo aruhusiwe kuilipia Medicare, bima ya serikali ya wazee. Kabla ya hapo, watoto ndio bima.

Kama mama anachotaka ni kumwona mjukuu akibatizwa na kurudi kwa ng'ombe wake, viza ya kutembelea inamtosha. Iombeni hiyo kabla ya kuanzisha mambo ya uhamiaji.

Mlango wa uongo

Palipo na foleni ndefu hapakosi dalali. Atakwambia anajua mtu Gigiri. Atakwambia binamu anaweza kuandikwa ndugu, ni kubadilisha cheti tu. Atakutafutia mume wa karatasi.

Hakuna anayeuza nafasi kwenye foleni. Fomu zote ziko wazi kwenye tovuti za serikali ya Marekani, na taarifa ya foleni ya viza hutolewa kila mwezi, bure, mtu yeyote aisome. Ubalozi unaweza kutaka vipimo vya DNA pale karatasi zinapotia shaka. Aliyedanganya jambo la msingi ili apate viza anaweza kufungiwa mlango maisha yake yote. Aliyefunga ndoa ya uongo kwa ajili ya makaratasi haidhinishiwi tena ombi la familia, hata siku atakapopenda kikweli. Uongo wa dakika tano unaweza kuwafilisi wote mliomo kwenye ile picha.

Msimamo wetu

Kuna wanaosema njia hii ya familia ifungwe. Mwaka 2017 maseneta wawili wa Marekani walipeleka mswada uliotaka kuondoa nafasi za ndugu kabisa. Haukupita, na Rais Donald Trump aliuunga mkono. Mwaka 2018 wazazi wa mkewe, Melania, waliapishwa kuwa raia, baada ya grinikadi ambazo wakili wao alisema binti yao ndiye aliyewadhamini. Hatulitaji hilo kumcheka mtu. Linaonyesha kuwa mtu akipata pa kukaa, wa kwanza kumkumbuka ni mama yake, awe Mslovenia au Mkenya. Hatuoni aibu katika hilo na hatuwezi kukubali liitwe ujanja.

Lakini sheria iliyopo leo inaweza kubadilika kesho, na serikali ya Washington imekuwa ikizidi kukaza mambo ya uhamiaji. Ndiyo sababu tunasema maisha ya kijana yasining'inizwe kwenye foleni ambayo hana ufunguo wake.

Kwa serikali yetu: kuna mambo ambayo hayahitaji ruhusa ya Marekani. Tangu 2022 tuna Idara ya Masuala ya Wakenya Walioko Nje. Ieleze familia, kwa Kiswahili kinachoeleweka, hizi kanuni tulizozitaja, badala ya kuzungumzia pesa zinazotumwa pekee. Na ofisi za usajili ziache kuwazungusha wazee. Wazazi wetu wengi walizaliwa nyumbani, hawana cheti cha kuzaliwa, jina limeandikwa hivi kwenye kitambulisho na vile kwenye cheti cha mtoto, na ndoa yao ya kimila haikusajiliwa popote. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaruhusu ndoa za kimila zisajiliwe. Wasaidiwe kuzisajili. Mtoto asishindwe kuthibitisha kwamba huyu ndiye mama yake kwa sababu karani wa 1962 aliacha herufi moja.

Kwako uliyeko huko: sema ukweli. Usiahidi usichokijua. Waambie nyumbani una kadi gani, unaweza kumwombea nani, na lini. Kama umekwisha kuwa raia na ndugu zako wanataka kuja, wasilisha ombi sasa, kwa sababu foleni huanza kuhesabiwa siku ombi linapopokelewa. Kama hutaki au huwezi, lisema hilo pia. Litauma siku moja. Kuwangojesha kutawauma miaka 15.

Kwako uliyebaki: wacha ombi likae kwenye foleni, halina haja ya wewe kukaa nalo. Tunza nakala ya barua, weka cheti chako cha kuzaliwa mahali ambapo hakitaliwa na mchwa, mwarifu dada yako ukibadilisha anwani, ukioa, ukipata mtoto. Halafu uendelee na maisha. Soma ile kozi. Fungua hicho kibanda. Panda miti kwa shamba la baba. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na huu msala unapita polepole kuliko yote.

Siku zamu itakapofika, ikukute una kazi, una ujuzi, na una jibu lako mwenyewe kwa swali la kwenda au kubaki. Huenda ukaenda. Huenda pia, ukiwa na miaka 35, ukatazama ulichojenga hapa, ukampigia dada yako simu, ukamwambia asante sana, lakini wewe njoo Desemba tule pamoja.

Na jioni ya leo, kabla hujalala, mwandikie. Usimuulize habari za viza. Muulize tu kama amekula.